Maneno ya Mageni

Umeme ulipokatika, Mariana hakukimbilia sebuleni. Alikimbilia stoo. Alisukuma mlango, akainama mbele ya mashine yake ya kutotolesha vifaranga, akaona taa nyekundu bado inawaka. Boksi la betri lililokuwa chini yake lilikuwa likilia pii, pii, huku likishikilia joto la mayai. Akashusha pumzi. Mayai yalikuwa yamebakiza siku chache kupasuka, na yangepoa asingepata kifaranga hata mmoja.

Alipokuwa anafunga mlango ndipo alipokumbuka sebule. Lile boksi la betri halikuwa la mayai.

Lilikuwa la mashine ya mumewe. Donatus alikuwa fundi umeme kwenye mgodi huko Geita, na likizo zake alizimalizia nyumbani kwao Ibadakuli akichokonoa vyombo. Miaka michache iliyopita alichukua kompyuta ndogo, akaifunga antena juu ya bati na diski kubwa pembeni, akaifundisha kurekodi yenyewe vipindi vya televisheni. Kila Jumamosi alasiri palikuwa na kipindi cha ngoma za Wasukuma, na mashine haikukosa hata kimoja. Humo humo akakusanya na video za simu, za harusi na za sikukuu, alizoziomba kwa ndugu na majirani. Sababu ilikuwa moja. Mama yake, Mageni, alikuwa mwimbaji wa wigashe, zile nyimbo ambazo watu huziimba wakiwa wameketi, na kwenye nusu ya picha zile alikuwemo.

Mageni alipougua na kushindwa kutembea, mama na mwana walikaa mbele ya runinga likizo nzima. Picha moja moja. Mama akisema, Donatus akiandika kwenye kompyuta, maneno yaleyale yalivyotoka mdomoni. "Hapa tuko Runzewe, harusi ya binti wa Luka. Mwenye kitambaa cha njano ni Apolonia. Siku hiyo sauti ilimkauka, anafungua mdomo tu, msidanganyike." Au: "Huu wimbo niliutunga nikiwa napalilia pamba. Beti ya tatu niliisahau jukwaani, nikaimba ya kwanza tena. Hakuna aliyejua." Ukichagua picha, maneno hayo yalitokea chini yake. Mwaka uliofuata Mageni akafariki.

Tangu hapo Mzee Mwigulu, mumewe, alikuwa akila chakula cha mchana, ananawa, anasema, "Naenda kumwona mama yenu," kisha anaketi sebuleni na rimoti. Nyimbo alizisikiliza, lakini alichokifuata hasa ni yale maneno. Aliyasoma kwa sauti, polepole, kidole kikiwa hewani kama anafuata mstari, na mara nyingine alimjibu. "Uongo, mke wangu. Mimi nilijua ile beti umeisahau." Mariana, akiwa jikoni, alikuwa akitabasamu mwenyewe.

Donatus aliweka masharti mawili. Mashine isizimwe kwa kuchomoa waya, bali ibonyezwe kitufe na kusubiriwa mpaka taa ya bluu izimike yenyewe. Na isitolewe kwenye boksi la betri hata siku moja. "Umeme ukikatika wakati inaandika, ndipo inapoharibika," alisema. Mariana akaitikia. Kisha msimu wa mvua ukaleta katakata ya umeme, mayai ya trei mbili yakamwozea, na siku moja akaona haiwezekani. Akalihamishia boksi stoo. Mashine ya kurekodi akaichomeka moja kwa moja ukutani. Wiki hii tu, alijiambia. Vifaranga wakatoka, akaweka mayai mengine, na wiki ikageuka miezi.

Alipoingia sebuleni, Mzee Mwigulu alikuwa ameketi gizani, rimoti mkononi, akisubiri. Ilikuwa Jumamosi, kipindi cha ngoma kilikuwa hewani, na mashine ilikuwa katikati ya kukirekodi. Umeme uliporudi, runinga ikawaka, mashine ikawaka, na pale ambapo siku zote palikuwa na orodha ndefu ya picha pakawa peupe.

"Mama Blessing," mzee alimwita kwa jina la mwanawe aliyekuwa shule ya bweni, ingawa Mariana alikuwa amesimama pale pale nyuma yake. "Njoo uone. Nimefanya nini hapa?"

"Labda ni umeme, Baba."

"Umeme? Umeme umekatika hapa mara ngapi, na mama yenu akarudi palepale? Hapana. Ni mimi. Nilibonyeza hiki chekundu kabla haijazima. Ni mimi huyu."

Alikuwa amemgeuzia uso. Mariana aliona jinsi alivyoishika rimoti kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika chombo cha wenyewe kilichovunjika. Neno lilimfika mdomoni. Akalimeza.

Jioni ile Donatus alipopiga simu, Mariana alijipa moyo kwamba atasema yote. Alianza vizuri. "Orodha ya picha imepotea kwenye ile mashine yako."

"Imepotea vipi? Umeme ulikatika?"

Hapo ndipo alipoteleza. "Ulikatika kidogo, ila betri ilishika." Alisikia maneno yakitoka, mepesi kabisa, kama yalikuwa yamekaa tayari. Na kabla hajajizuia akaongeza, "Baba anasema alibonyeza kitu kwenye rimoti."

"Ah, basi hiyo ni menyu tu imejificha," Donatus alicheka. "Mwambie mzee asihangaike. Iacheni iwake, iendelee kurekodi. Nikija likizo nitaiweka sawa. Hata ikiharibika, inajinakili yenyewe kila Jumapili."

Inajinakili yenyewe. Mariana alilishika neno lile kwa mikono yote. Kwa hiyo hakuna kilichopotea, aliwaza. Kwa hiyo hata nisiposema, hakuna aliyeumia. Vifaranga walipotoka akalirudisha boksi la betri sebuleni, akaichomeka mashine ya kurekodi kama ilivyokuwa, akapangusa hata vumbi lililoonyesha mahali lilipokaa stoo. Alipangusa kama mtu anayefuta nyayo zake.

Lakini aliyeumia alikuwepo, na alikuwa akila naye kila siku.

Mzee Mwigulu aliacha kuingia sebuleni. Alikuwa akimaliza kula anachukua kiti chake anatoka nje, upande wa barabara ya uwanja wa ndege, anakaa akitazama pikipiki zikipita. Rimoti hakuigusa tena. Mariana alipomwashia taarifa ya habari alisema, "Iache hivyo hivyo, mayu. Mikono hii ni ya jembe, isije ikamaliza na zilizobaki." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyokuwa akimwita siku anapompenda zaidi. Siku hizo alimwita hivyo mara nyingi, kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Na kila Donatus alipopiga simu mzee alimsogelea Mariana na kunong'ona, "Mwambie mwenzio sikukusudia."

Mariana alimwambia. Kila mara alimwambia, na kila mara Donatus alijibu kwamba si neno, na kila mara Mariana alirudisha simu mezani akiwa na ladha ya chuma mdomoni. Alianza kumpikia mzee vizuri. Alimchinjia kuku siku ambayo haikuwa ya kuku. Alimfulia shati ambalo lilikuwa safi. Mzee alipomshukuru, Mariana alikwenda stoo akasimama mbele ya mayai yake bila kufanya lolote, mpaka joto la mle ndani likamtoa jasho.

Donatus alikuja likizo wiki kadhaa baadaye, mwenye furaha, na mfuko wa samaki aliowanunua kwa mchuuzi wa Chato. Hakupumzika hata kidogo. Alichomeka kibodi, akavuta kiti mbele ya runinga, akaanza kuandika. Mzee Mwigulu aliingia kimya, akaketi ukingoni mwa kochi kama mgeni.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Nilibonyeza kile chekundu."

"Baba, acha hayo. Hapa kuna vitu viwili. Picha zenyewe ziko kwenye diski. Halafu kuna sehemu inayotunza majina, tarehe, na yale maelezo ya mama. Wataalamu wanaiita hifadhidata. Hiyo ndiyo iliyoleta shida, na hiyo ndiyo yenye nakala. Narudisha ya Jumapili, tunamaliza."

Akaifungua nakala. Ikawa tupu. Akafungua ya Jumapili iliyotangulia. Tupu. Akafungua nyingine, na nyingine, na Mariana, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, aliona mabega ya mumewe yakipanda taratibu.

"Mashine huweka nakala chache tu," Donatus alisema, safari hii kama anajisemea. "Mpya ikija, ya zamani kabisa inafutwa, diski isijae. Wiki zote hizi imekuwa ikijinakili ikiwa imeshaharibika. Imefuta nzima zote, imebaki na mbovu tupu." Akasoma kitu kingine kwenye kioo, akakunja uso. "Lakini hii haifanywi na rimoti. Hii ilizimika ghafla ikiwa inaandika. Sasa ilizimikaje wakati ina betri?"

Kisha Mzee Mwigulu akakohoa.

"Labda niligonga waya kwa mguu," alisema. "Siku ile nilinyoosha miguu. Labda niliuchomoa, nikaurudisha bila kujua. Ndiyo. Itakuwa nimeugonga."

Alikuwa akiitafuta. Mzee wa watu alikuwa akiitafuta hatia yake kila pembe ya kumbukumbu, na asipoiona alikuwa tayari kuitengeneza. Mariana aliweka sinia chini, akapiga magoti palepale mlangoni.

"Baba, hukugonga waya. Hukubonyeza kitu. Ni mimi."

Wote wawili walimgeukia.

"Niliichukua betri nikaipeleka stoo, kwa ajili ya mayai. Mashine niliichomeka ukutani. Umeme ulipokatika ilizima palepale. Baadaye nikairudisha betri, ili isijulikane." Alitaka kuendelea, aseme kuhusu mayai yaliyooza, kuhusu mvua, lakini yote hayo yalionekana madogo kabla hata hajayatamka. "Na Donatus nilimwambia betri ilishika. Nilimdanganya."

Donatus hakupandisha sauti. Mariana alitamani angeipandisha. "Ungeniambia siku ile ile," alisema, "ningekuambia uizime tu, isubiri. Nakala nzima ilikuwepo. Ningekuja hata kwa ruhusa ya siku moja, ningeirudisha, tusingepoteza hata neno."

"Na picha?" Mariana aliuliza.

"Picha zipo. Zina namba tu, hazina majina. Maneno ya mama hayapo."

Mzee Mwigulu alikuwa bado anamtazama Mariana. Usoni hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayerudi nyuma siku moja baada ya nyingine, anazihesabu upya. Yule kuku. Lile shati.

"Mashine ni kitu cha kuharibika," alisema hatimaye. "Hata mtu anaharibika. Lakini wewe ulikuwa unaniona, mayu. Nilikuwa nakaa pale nje, na wewe unaniona."

Akainuka, akatoka. Chai ilipoa pale sakafuni.

Siku zilizofuata, nyumba ilikuwa na adabu ya msibani. Mariana alimsalimia mkwewe kwa magoti kila asubuhi, "Shikamoo, Baba," naye akajibu, "Marahaba," asiongeze neno. Hakumwita mayu tena. Donatus alishinda na mashine. Kitu cha kwanza alikwenda mjini akanunua boksi la pili la betri, akaliweka stoo. Kisha akaunganisha lile la sebuleni na kompyuta, ili umeme ukikatika kwa muda mrefu mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu, kabla betri haijaisha. Akapanga nakala za Jumapili zisifute za zamani zote, moja ya kila mwezi ibaki. Akanunua na diski nyingine ya kukaa nayo Geita, mbali na nyumba kabisa. Halafu akamwita Mariana, akamketisha kwenye kiti, akamwonyesha jinsi ya kuifungua nakala na kuhakikisha ina kitu ndani.

"Usiamini kwamba ipo mpaka uifungue," alisema. "Rudia nikuone." Mariana akarudia. Donatus akaongeza, bila kumtazama, "Sikufundishi kwa kuwa nimesahau. Nakufundisha kwa kuwa wewe ndiye unayeishi nayo."

Alipoondoka kurudi kazini, Mariana alianza kuzifungua picha moja moja. Alitambua chache. Nyingine aliona tu wanawake wameketi mistari miwili, shanga na vitambaa, vumbi, na Mageni akiyumbisha mabega, lakini wapi, na lini, na kwa nini mwanamke wa pembeni anacheka vile, hakujua. Alijaribu kukumbuka yale maneno aliyoyasikia kila mchana kutoka jikoni. Ilimshangaza jinsi alivyoyasikia yote na kushika machache. Alifika mahali akaandika sentensi nzima chini ya picha moja, akaisoma, ikafanana kabisa na Mageni. Akaifuta haraka. Alikuwa ameitunga.

Ndipo alipomwendea Mzee Mwigulu nje. "Baba, naomba ruhusa niende Runzewe kwa mama Apolonia. Aliimba naye. Labda atanisaidia majina."

Mzee alitazama barabara. "Nenda," alisema.

Apolonia alikuwa mama mnene mwenye duka la asali karibu na stendi ya Runzewe. Alilia kidogo alipomwona Mageni kwenye simu ya Mariana, akajifuta kwa kanga, akaanza kuongea bila kituo. Huyu ni fulani, alihamia Kahama. Huyu alikuja kuolewa na mchimbaji wa Geita, hatukumwona tena. Mariana aliandika mpaka vidole vikauma. Walipofika kwenye picha ya mashindano fulani ya ngoma, Apolonia alicheka mpaka mteja wa asali akageuka.

"Mwangalie vizuri. Unaona haimbi?"

Ilikuwa kweli. Mageni alikuwa ameketi safu ya mbele, mdomo umefungwa, ameinua kidevu.

"Alikuwa amekasirika. Kiongozi wetu alimpa mtu mwingine wimbo wake auanzishe. Akasema sawa, nitakaa, lakini sauti yangu hamtaipata. Na kweli tukashindwa!"

"Yeye mwenyewe alisemaje kuhusu picha hii?" Mariana aliuliza. "Aliwahi kukuambia?"

Apolonia aliacha kucheka. "Mwanangu, mimi nakupa niliyoyaona mimi. Yale ya Mageni alikuwa nayo Mageni."

Mariana aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja mbali kote huko akitumaini, bila kukiri hata moyoni, kwamba angeondoka na kitu cha kufuta kosa. Sasa alijua hakipo, si Runzewe wala kwingine. Alishukuru, akabeba chupa ya asali aliyopewa, akarudi.

Siku ya pili yake, baada ya chakula, aliwasha runinga na kuanza kuyaingiza yale majina. Chini ya kila picha aliandika kwanza, "Amesema Apolonia," kisha maneno yenyewe. Mlango wa nje aliuacha wazi. Alikuwa anajisomea kwa sauti ili asikosee, na alipofika kwenye ile ya mashindano alisoma yote: kiongozi, wimbo, kidevu, na jinsi walivyoshindwa.

Kivuli kilisimama mlangoni.

"Si kweli," Mzee Mwigulu alisema.

Mariana alishtuka, akataka kuinuka. Mzee alimwashiria akae. Aliingia mpaka katikati ya sebule, akamtazama mkewe aliyefunga mdomo kwenye kioo.

"Kiongozi hakuwa na kosa," alisema. "Mageni aligombana na mimi asubuhi ile. Nilimwambia pamba iko shambani na yeye anakwenda kuimba. Akaniambia, basi leo nitakwenda na sitaimba, uone utapata faida gani. Akaenda kweli, akakaa hivyo hivyo." Akanyoosha kidole ukingoni mwa kioo. "Nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya watu. Sikumwambia mpaka anakufa kwamba nilikwenda kumtazama."

Mariana aliweka vidole kwenye kibodi, akasubiri.

Mzee Mwigulu alivuta kiti, si karibu sana, akaketi.

"Andika na hilo," alisema. "Usilifute la Apolonia. Liache. Halafu chini yake andika kwamba hili limesemwa na Mwigulu."